Sikio moja, kazi tatu

Anayetunga nyimbo, kulea na kufundisha watoto muziki hapa Mombasa huulizwa kwanza saa anazipata wapi. Saa hupatikana. Kinachochoka mapema ni sikio. Ukimaliza kipindi na watoto 12, wimbo wao hukuganda kichwani, na sauti yoyote ya wimbo mpya utakayotafuta jioni hiyo itafanana nao hata ukijikaza. Kwa hiyo tunga kabla ya kufundisha.

Tangu adhana ya Alfajiri hadi watoto kuamshwa kwenda shule, dakika 40 zatosha ubeti mmoja. Rekodi sauti kwa simu, chini chini, ala iache. Kazi kavu ya kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, iwekee wakati wa uchovu. Hata juu ya feri ya Likoni huhesabika kwa vidole.

Na ihesabiwe kweli. "Kusi inavuma pwani, ngalawa haziendeki": nane na nane, jumla 16. Wengi huteleza kwenye M. "Mtoto" ni mizani tatu, kwa kuwa M husimama peke yake. "Mwana" ni mbili tu, na "mbali" pia mbili. Sauti ikiimeza ile M ya "mtoto", mstari utapwaya, na mwimbaji ataongeza "ee" pasipohitajika. Kosa la pili ni mkazo. Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi pigo zito liangukie hapo. Neno "barabara" likikazwa "ba" ya pili ni njia ya magari. Likikazwa "ra" ya kwanza ni sawasawa kabisa. Sauti tamu iliyoweka pigo pasipo pake yaweza kugeuza maana ya ubeti mzima.

Mkazo huo huo ndio mlango mzuri wa kuwafundishia watoto mwendo wa mapigo sita wa chakacha, ngoma ya pwani. Waseme "chapati, chapati" bila kusita, makofi yaangukie "pa". Wakishika, nusu wapige makofi na nusu waimbe. Wimbo mpya waupokee kwa kuitikia, mstari mmoja mmoja, kabla ya kuona maandishi yoyote. Mwalimu mwanamume ajihadhari: akianza kwa kimo cha koo lake, watoto ama watanguruma chini, ama watapiga kelele. Aanzie noti ya D iliyo juu tu ya C ya katikati ya piano, wimbo usipande sana kupita D inayofuata.

Kwa filimbi ya plastiki, anza na B, A na G, mkono wa kushoto pekee. Ikipiga mluzi, tazama vidole kwanza: tundu limeachwa wazi upande. Kisha pumzi. Mtoto hupuliza kama anawasha jiko la makaa. Mwambie apulize kama anapoza uji. Filimbi kumi zikilia pamoja kwa dakika 20, sikio la mwalimu limekwisha, basi ligawe darasa makundi mawili. Kunyamazisha pia kusitumie koo: mapigo mawili ya ngoma, na kila mtoto ajue maana yake. Koo hilo ndilo la kuimbia kesho.

Ala nazo zina adui hapa, hewa ya chumvi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Msimu wa masika ngozi ya ngoma hulegea na sauti huwa butu. Ipashe moto kwa mbali, ikikaribia sana hupasuka.

Ratiba ya darasa ifuate ya madrasa, maana mtoto akitoka shule huenda huko. Jumamosi asubuhi ni bora kuliko jioni za katikati ya wiki. Kabla ya Ramadhani na baada ya Idi harusi hujaa, na anayetungia harusi asipokee wanafunzi wapya miezi hiyo, kwani watakaokosa baba au mama ni wa nyumbani.

Mtoto wako mwenyewe akitaka kujifunza, mweke ndani ya kundi kama wenzake. Nyumbani usimsahihishe ila akikuuliza. Baada ya Magharibi daftari lifungwe na simu ya kurekodia iwekwe chumba kingine, la sivyo utakuwa unamsikiliza mwanao huku ukitafuta kina.