Alizeti hizi haziliwi: siku yangu moja bonde la Msimbazi

Saa 12 asubuhi. Wakulima wa mchicha wameshashika keni zao, wanamwagilia. Kiwanja chetu cha majaribio, tunakojaribu kusafisha udongo kwa mimea inayovuta metali, kipo jirani, palipokuwa gereji: betri kuukuu, rangi na oili chafu viliacha metali za risasi, zinki na kadimi ardhini. Tumepanda alizeti, haradali na vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu.

Saa 2. Nachukua sampuli, mizizi mfuko wake, majani mfuko wake. Vetiva hubakiza metali nyingi mizizini, kwa hiyo tunaitegemea izuie udongo wenye sumu usichukuliwe na mvua. Haradali hupandisha kadimi hadi majanini, tukaikata na kuiondoa. Risasi ndiyo inayonisumbua, kwa sababu hung'ang'ania udongo. Wapo wanaoilegeza kwa kemikali ya EDTA. Mimi siafiki, hasa karibu na visima: mmea usipoiwahi, inazama na maji.

Saa 4. Mama mwenye tuta la pili anasimama kwenye uzio. "Mwanangu, maua yote haya, mbona hukamui mafuta?"

"Hapana mama, haya yanavuta sumu."

"Na mchicha wangu je?"

Swali hili ndilo linalonitoa nyumbani kila asubuhi. Mchicha nao huvuta kadimi na kuiweka kwenye jani, sehemu ile ile tunayokula, na kadimi ikijikusanya mwilini huharibu figo. Kuosha kunatoa vumbi, hakutoi kilichomo ndani. Namwambia ahamishe matuta mbali na gereji, aongeze mboji, na akipima udongo akaukuta na tindikali, atie chokaa, maana tindikali ndiyo inayoiachia kadimi ifike kwenye mizizi. Ananiuliza bei ya chokaa. Tunakaa tukipiga hesabu.

Saa 7. Wali maharage, kisha daladala.

Saa 8 mchana, maabara. Kuosha, kukausha, kusaga, kuchemsha kwa asidi ya nitriki, ndipo mashine isome kiasi cha metali. Wanafunzi huwa nawasimulia mti wa Kaledonia Mpya, kisiwa cha Pasifiki, uitwao Pycnandra acuminata: utomvu wake una rangi ya buluu-kijani, na metali ya nikeli hufikia robo ya uzito mkavu wa utomvu huo. Kwetu hatuna mti wa namna hiyo. Usafishaji wetu utachukua misimu mingi.

Saa 11 jioni. Mabaki ya mimea yanakaushwa na kufungiwa kwenye mapipa yenye lebo. Metali haiozi, wala haiungui ikaisha. Kijana anayefuga mbuzi amepiga simu tena kuomba mabua. Nimemkatalia, na kesho naongeza waya kwenye uzio.