Faini Aliyonilipia Mwalimu

Tulikuwa watu sita, tumekusanyika nyumbani kwa mwenzetu aliyetuzidi sote umri, ambaye tulimwita Mwalimu. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya vyama vya wasomaji wa zamani, na nilizipenda mno.

Nilianza na Benjamin Franklin, mvumbuzi wa Kimarekani. Mwaka 1727, akiwa na miaka 21, alikusanya wenzake mjini Philadelphia wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni. Kilichonivutia ni watu wenyewe: mkata vioo, fundi viatu, seremala, mpima ardhi. Kila mmoja alileta maswali ya kujadiliwa, na kila miezi mitatu alisoma insha aliyoiandika mwenyewe. Baada ya muda wakapiga marufuku kumpinga mtu waziwazi au kujifanya una hakika ya kila jambo. Aliyevunja kanuni alitozwa faini ndogo. Wengi humsifu Franklin kwa kinga ya radi. Mimi namsifu kwa faini hiyo.

Nikahamia London, mwaka 1764, kwenye chama cha watu tisa waliokutana Jumatatu jioni katika baa iliyoitwa Turk's Head. Nikasema wazo la kukianzisha lilikuwa la mwandishi Samuel Johnson.

"Nadhani aliyelitoa ni Joshua Reynolds, yule mchoraji," Mwalimu akasema taratibu. "Johnson alilikubali tu, na..."

"Hapana, si kweli!" nikamkata kauli. "Ni Johnson. Nani asiyejua?"

Chumba kikanyamaza. Kidole chake kilikuwa bado kimeinuka, kikielekea rafu ya vitabu. Akakishusha, akaingiza mkono mfukoni, akaweka sarafu moja juu ya karatasi zangu, palepale nilipoandika neno "faini".

"Hii nimekulipia mimi," akasema. "Endelea, mwanangu."

Sauti ilinikauka. Kanuni ile nilikuwa nimeisoma kwa madaha dakika chache tu kabla, kisha nikamvunjia heshima mtu aliyetufungulia nyumba yake. Nilimwomba radhi mbele ya wote, nikamaliza kusoma kwa shida.

Wenzetu walipoondoka, alichomoa rafuni kitabu cha James Boswell juu ya maisha ya Johnson, akanifungulia ukurasa. Jina la Reynolds lilikuwepo, limepigiwa mstari kwa penseli.

"Nenda nacho," akasema. "Ukikirudisha, njoo na swali."

Nilikirudisha baada ya wiki mbili, nikiwa na maswali saba.