Kutoka Wesha Hadi Misali

Tuling'oa nanga Wesha, bandari ndogo ya Chake Chake kisiwani Pemba, kuelekea kisiwa cha Misali, muda mfupi baada ya saa moja asubuhi, maji yakiwa yameanza kupwa. Nahodha alinihimiza niingie haraka: "Bamvua hili, mwanangu, maji yanakupwa sana. Tukichelewa tutashuka kwenye tope tuisukume mashua."

Upande wa kulia ilitusindikiza Ras Mkumbuu, ulimi mwembamba wa ardhi unaoingia baharini kuelekea magharibi, wenye minazi juu na mikoko kwenye kingo. Nchani tulishuka kutazama magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini wazee walijenga mahali pa tabu namna ile: ghuba tulivu iko nyuma yako, bahari kuu iko mbele, na hakuna chombo kinachoingia Chake Chake bila wewe kukiona.

Tulipoiacha rasi, maji yalibadilika kutoka kijani hadi buluu nzito. Kati ya Pemba na bara mkondo hufikia kina cha mita 800 hivi, ilhali ule wa Unguja haufiki hata mita 100. Kwa hiyo zama za barafu, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, bahari iliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara, nayo Pemba ikabaki kisiwa. Ndiyo maana, nadhani, Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, lakini Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingineko duniani. (Wapemba hupenda kusema wao si Waunguja, siku ile niliona hata bahari inawaunga mkono.)

Misali ni kisiwa kidogo cha matumbawe ya kale, na mawimbi yameyatafuna majabali yake kwa chini hata mengine yamesimama kama uyoga. Nahodha alinisimulia kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala, yaani mkeka wa kuswalia, nao hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, kitakuwa misali, yaani mfano, ya msala.

Niliswali adhuhuri pale pale mchangani. Tulisubiri hadi alasiri, maji yalipojaa tena, ndipo tukatweka tanga kurudi Wesha.