Kutoka Akihabara hadi Nipponbashi, nikisaka kaseti za Famicom

Nenda Akihabara ukaone, ila pochi usiitoe haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili mtaa huu wa Tokyo ulikuwa soko la magendo la vipuri vya redio, ukageuka kuwa mtaa wa vyombo vya umeme, na leo ndiko anakofikia kwanza kila mpenzi wa gemu za zamani. Ngazi za Super Potato, duka la gemu za zamani, ni nyembamba, na rafu zake zimejaa hadi darini. Ghorofa ya juu kuna mashine za kutumbukiza sarafu, watu wazima wamekaa kwenye vigoda wanacheza bila kusemeshana. Nilizunguka humo nusu siku nzima na sikuchoka. Lakini kila kaseti imesafishwa, imevikwa nailoni na kubandikwa bei inayojua thamani yake. Watalii tumekuwa wengi, yeni imeshuka, na vitu vizuri vinaondoka na masanduku ya wageni.

Mimi nilikuwa nasaka kaseti za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Kijapani, na moja hasa: Contra, ile gemu ya askari na risasi.

Sisi tuliokulia Tanga, Famicom yenyewe hatukuwahi kuitia machoni. Tulicheza mashine za kuiga zilizopitia Kariakoo, zenye majina ya kila aina, na kaseti za rangi ya njano zilizoandikwa mamia ya gemu huku ndani zikijirudia zilezile. Nintendo ilitoa Famicom tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800, na haikuiwekea chipu ya kuzuia kaseti zisizo zake. Chipu hiyo ilikuja na mashine ya Marekani. Hivyo waigaji walijipatia kazi rahisi, wakaiga hadi tundu la kaseti lenye pini 60, sawasawa na la Kijapani, wakati la Kimarekani lina pini 72. Kwa hiyo kaseti halisi kutoka Japani ingeingia kwenye mashine ya sebuleni kwetu moja kwa moja. Utoto mzima tumecheza mlangoni mwa nyumba hii bila kujua ni ya nani.

Nakano Broadway, jengo la maduka hapohapo Tokyo, nilipita kwa sababu ya historia. Jengo ni la mwaka 1966, na ndani yake ndimo Mandarake ilipoanzia mwaka 1980 kama kiduka cha vitabu vya katuni vilivyotumika. Sasa imesambaa jengo zima kwa vyumba vyumba. Ni pazuri kwa anayetafuta boksi lisilo na mkunjo na kitabu cha maelezo ndani. Mimi boksi halinisumbui.

Mwenyeji wangu, kijana wa Muheza anayesomea uhandisi huko, alinivumilia siku hizo zote, kisha akaniambia, "Kaka, ukitaka vitu, tutoke mjini." Tukapanda treni kuelekea magharibi hadi Hachioji, halafu basi, tukashuka kando ya barabara yenye gereji, migahawa ya rameni na duka pana la mitumba lenye bango la Hard Off. Kampuni hii asili yake ni Niigata, na duka la kwanza la jina hilo lilifunguliwa mwaka 1993. Watu wa jirani ndio wanaoleta mali: anayehama, aliyefiwa na mzee, ambaye watoto wake wamekua. Ukiyapita magitaa na spika, unakuta makreti ya plastiki ya bluu yenye vitu vinavyouzwa kama vilivyo. Ama havijapimwa, ama vina kasoro, na ukishalipa hurudishi. Hapo nikapiga magoti.

Kaseti zilikuwa zimelundikana bila maboksi, nyekundu, bluu, za maziwa zilizogeuka njano, yeni 110 kwa kila moja pamoja na kodi. Besiboli, gofu na mahjong hazina mwisho. Ziliuzwa kwa wingi enzi hizo na leo hazina wa kuzitaka. Unazifukua, unazipanga pembeni, unaendelea. Chini kabisa nikaitoa Dragon Quest III. Mgongoni ina maandishi ya kalamu ya wino mzito, yameanza kufifia: jina la mtoto, na darasa lake, la 3, mkondo wa 2. Gemu hii ilitoka tarehe 10 Februari 1988, siku ya Jumatano, na kuna watoto waliotoroka shule wakapange foleni. Wenye duka wengi wanashusha bei wakiona jina. Mimi ningelipa zaidi kwa ajili yake. Kaseti isiyo na jina imetoka kiwandani tu. Hii imetoka kwa mtu.

Ndani mna betri ndogo inayotunza pale mchezaji alipoishia, na baada ya miaka yote hii nyingi zimekufa. Hilo lisikutishe. Fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu ataibadilisha.

Kona moja ya duka ina tivii ndogo na soketi za umeme, mteja apime mwenyewe. Nilikuwa nimeiona Famicom ya mwaka 1993, ile yenye padi za kuchezea zinazochomoka na waya wa picha wa njano. Hiyo ndiyo ya kubeba. Ya 1983 ina sura nzuri zaidi, nyekundu na nyeupe, na padi yake ya pili ina maikrofoni, lakini inatoa picha kwa njia ya antena ya Kijapani ambayo tivii zetu haziipati vizuri. Tukachomeka kaseti ya gofu: skrini kijivu. Mwenyeji wangu akatoa vijiti vya pamba na kichupa cha spiriti, akafuta pini mpaka pamba ikaacha kutoka nyeusi. Tukawasha tena, uwanja wa gofu huo hapo. Sote tulikua tukipuliza kaseti kwa mdomo. Tusipulize, unyevu wa pumzi unaleta kutu.

Ndani ya treni ya kasi kwenda Nagoya nilimuuliza imekuwaje biashara hii ikastawi hivi. Akanieleza kesi niliyoifurahia sana. Watengenezaji wa gemu walitaka kuzuia uuzaji wa mitumba, wakidai gemu ni kama filamu ya sinema na usambazaji wake ni haki yao peke yao. Tarehe 25 Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kwamba nakala ikishauzwa mara ya kwanza kihalali, haki hiyo imekwisha. Aliyeinunua aiuze atakavyo. Na mwenye duka la mitumba naye ana masharti: lazima awe na kibali kinachoombwa kupitia polisi, na anayemletea mali huonyesha kitambulisho. Ndiyo maana unafukua kreti kwa amani.

Nagoya, vichochoro vya Osu karibu na hekalu la Kannon, nilipata vitu vingi vizuri na Contra sikuipata.

Niliipata Osaka, mtaa wa Nipponbashi wanaouita Den Den Town, kwenye duka dogo la mzee mmoja. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo, haina boksi, yeni 6,600. Mzee akamuuliza mwenyeji wangu jambo.

"Anauliza kama kwetu Contra inajulikana."

"Mwambie hakuna mtaa usioijua."

Mzee akacheka, akaitoa kabatini, akaiwasha yeye mwenyewe. Kampuni ya Konami iliitoa Japani tarehe 9 Februari 1988, na kaseti hii ina chipu yao ya ziada ambayo toleo la Marekani halikupewa. Kwa hiyo kabla ya kila hatua inatokea ramani ya kisiwa. Msituni, majani ya miti yanayumba kwa upepo. Ile hatua ya tano, theluji inapeperuka kweli. Mimi nilikuwa naijua Contra kwa moyo, kila risasi inatokea wapi, na majani yale sikuwahi kuyaona yakitikisika. Nilitokwa na machozi pale dukani na siyaonei haya.

Atakayefuata njia hii, adapta ya huko aiache. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230, itaungua papo hapo. Tafuta ya hapa inayotoa volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), ncha ya ndani ikiwa hasi. Yangu fundi alinitengenezea barabara ya 12. Wapwa zangu wameshafika kwenye theluji, na kila jioni kuna ugomvi wa nani ashike padi ya kwanza.