Mwandishi wa hotuba asiyekuwa na kauli

Katika yote niliyosoma kuhusu Athens ya kale, kinachonivutia zaidi ni chombo cha udongo chenye tundu dogo karibu na kitako, yaani saa ya maji ya mahakamani. Maji yalichuruzika wakati mtu akijieleza, na yalipokwisha, zamu yake nayo ilikwisha. Kwa kawaida mwenye kesi alitakiwa kusema kwa kinywa chake mwenyewe, pengine mbele ya waamuzi 501 waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu. Nadhani hofu ya dakika hizo iliwapatia walimu wa balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi, wanafunzi wengi kuliko hamu yoyote ya elimu.

Mwaka 427 KK Gorgias, mmoja wa walimu hao, alifika kutoka Leontini, kisiwani Sicily, kuuombea mji wake msaada wa kivita, na Waathene wakaduwazwa na mizani ya sentensi zake. Baadaye Isocrates, ambaye alikiri kwamba sauti yake ni dhaifu na kwamba hana ujasiri wa jukwaani, alifungua shule ya kuwaandaa vijana kwa uongozi, na inasemekana ada yake ilikuwa drakma 1,000. Fundi wa ujenzi alilipwa takriban drakma moja kwa siku. Kwa hiyo elimu hiyo ya siasa, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa ya watoto wa matajiri.

Asiyekuwa na uwezo huo aliweza kununua hotuba moja tu, akaikariri. Kati ya waandishi wa hotuba hizo nampenda Lysias. Mlemavu mmoja alishitakiwa mbele ya Baraza la watu 500 kwamba hastahili posho ya obolo moja (sehemu ya sita ya drakma) kwa siku, kwa kuwa alionekana akipanda farasi. Lysias alimwandikia ajibu kwamba angekuwa na mali angepanda nyumbu mwenye tandiko laini, wala asingehangaika kuazima farasi wa watu. Ukiisoma hotuba hiyo humsikii msomi hata kidogo. Unamsikia mzee mtundu anayejua kuwachekesha wanaomhukumu.

Lysias mwenyewe, kwa kuwa baba yake alitoka Syracuse, alihesabiwa mgeni mkazi. Mpiga mbiu aliposimama kwenye kilima cha Pnyx, walikokutana raia kuamua mambo ya mji, na kuuliza ni nani anayetaka kusema, swali hilo halikumhusu.