Tulivyomaliza deni la tiketi

Watu wengi wanafikiri mkimbizi akipelekwa Marekani ile tiketi ya ndege anapewa bure. Sio bure jamani. Kabla hujapanda unasaini karatasi ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, kwamba utalipa, riba hakuna ila ni deni, na baada ya kama miezi sita bili zinaanza kuingia. Sisi tulikuwa watu nane, piga hesabu mwenyewe.

Kwetu ni Fizi, Kivu Kusini, Kongo. 1996 vita ilivyofika tukavuka ziwa mimi nikiwa mgongoni kwa mama, tukaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, tukakaa miaka 20 ya kula mgao, unga, maharage, mafuta na chumvi, na mwezi wakipunguza mnalala na uji. 2016 ndo kesi yetu ya kupelekwa Marekani ikapita, tukaletwa Lexington, Kentucky.

Baba alikuwa mvuvi. Huku akapata kazi shamba la farasi, kutoa mavi mabandani, siku ya kwanza karudi anacheka mpaka machozi eti farasi wana feni 😂. Mimi na dada tukaingia kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, shifti ya usiku.

Bili ya kwanza ilipokuja nikamwambia baba, tununue gari kwanza, deni litasubiri. Akakataa katakata. Akasema hizo pesa zikirudi ndo zinampandisha ndege mwingine, na shangazi yenu bado yuko Nyarugusu anangoja, sasa wewe unataka gari? Nikanyamaza.

Basi kila mshahara ukiingia deni linatoka kwanza, kinachobaki ndo kodi na chakula. Baba akaenda kazini na baiskeli aliyopewa na watu wa kanisa (wazungu wazee wawili, Mungu awabariki, ndo walimfundisha hata kuvaa glavu mbili mbili), barafu ilimwangusha mara tatu ninazozijua. Mama akapanda lengalenga (mchicha) nyuma ya nyumba akawa anawauzia Wakongo wenzetu, na hapo ndo ilitoka hela ya sabuni na vocha.

Miaka mitatu kasoro tukamaliza. Ile barua ya mwisho baba aliisoma mara mbili, akaiweka kwenye ule mfuko mweupe wa IOM tuliokuja nao uwanja wa ndege, mpaka leo uko chini ya kitanda chake. Gari tulinunua mwezi uliofuata, Corolla kuukuu isiyo na hita.

Shangazi bado yuko kambini.