Mwanangu Mwenye Usonji Alivyopata Marafiki kwa Njia ya Reli

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu mwanangu ulikuwa kwamba nimkataze kuzungumzia treni. Aliusema mwalimu wake, akaurudia shemeji yangu, wakauongeza majirani, na hatimaye nikauziwa ushauri huohuo na mtaalamu. Wote walisema kwamba kijana wa miaka 14 anayemweleza kila mgeni tofauti ya upana wa reli ya TAZARA, iendayo Zambia, na ile ya Reli ya Kati hatapata rafiki mpaka aache tabia hiyo. Sasa ana miaka 17, ana marafiki watatu wa kweli, na wote watatu amewapata kwa sababu ya treni na barabara. Ninaandika haya kwa kuwa bado ninawasikia wazazi wenzangu wakipewa ushauri uleule, na kila ninapousikia hunikera upya.

Tulianza na darasa la stadi za kijamii lililofanyika kila Jumamosi katika kituo kimoja hapa Dar es Salaam, kwa ada iliyotulazimu kuahirisha mambo mengi ya nyumbani. Vijana walipangwa wawiliwawili, wakatakiwa kutazamana machoni huku wakihesabu moyoni mpaka tano, kisha kila mmoja aseme jina lake na kwamba anapenda mpira, halafu amuulize mwenzake anapenda nini. Mwanangu hapendi mpira na hajawahi kuupenda, lakini alikariri sentensi hiyo kama alivyoagizwa. Tulipokwenda kumsalimia babu yake, alitoa shikamoo huku amemkazia mzee macho bila kupepesa, hadi mzee akaniuliza pembeni, "Mwanangu, huyu kijana nimemkosea nini?" Sisi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, mtoto anayemkodolea mzee macho huambiwa hana adabu. Njiani kijana akaniuliza lipi ni sahihi, la darasani au la kwa babu, kisha akanieleza jambo ambalo kituoni hakuna aliyewahi kumuuliza: kwamba akimtazama mtu machoni, maneno ya mtu huyo hayasikii vizuri. Niliwapelekea walimu swali lake, na jibu lao likawa kwamba ndivyo mwongozo ulivyoelekeza. Jumamosi iliyofuata hatukurudi.

Nilianza kusoma mwenyewe, usiku, kwenye simu. Nilikutana na hoja ya Damian Milton, mtaalamu wa sosholojia wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni tatizo la pande mbili: huyu hamwelewi yule, na yule pia hamwelewi huyu. Nilisoma pia kuhusu programu ya PEERS, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Elizabeth Laugeson pamoja na Fred Frankel. Vijana hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na wakati huohuo wazazi hufundishwa katika chumba kingine namna ya kuwasaidia nyumbani. Sikuwa na uwezo wa kuifuata programu hiyo, na sidhani kila kitu ndani yake kinafaa mitaa yetu, lakini nilichukua mambo mawili: kwamba mzazi ana kazi ya kufanya, na kwamba urafiki hujengwa juu ya jambo ambalo watu wawili wanalipenda kwa pamoja.

Salamu zilitusaidia kuliko nilivyotarajia. Kijana anayependa ratiba huzifurahia salamu za Kiswahili, kwa sababu kila swali lina jibu lake linalojulikana. Alihitaji kurekebishwa sehemu chache tu. Alipoulizwa "Habari za nyumbani?" alitoa habari kamili, kwamba friji limeharibika na umeme wa luku uliisha juzi usiku, kwa hiyo tukakubaliana kwamba maswali ya mwanzo hujibiwa "nzuri" au "salama", na habari za friji husubiri mpaka mtu akae na kusema, "Enhe, hebu niambie." Alikuwa pia akiwauliza vijana wa mtaani tarehe zao za kuzaliwa na kumpa shikamoo yeyote aliyemzidi hata miezi minne, nao wakamcheka. Nilimwambia wa rika lake huambiwa "mambo", akataka kujua rika linaishia wapi, tukapanga miaka mitano. Na jirani anayekula akisema "karibu", mara nyingi hujibiwa "asante, endeleeni". Hilo alilielewa baada ya kukaa na kula chakula cha mchana cha nyumba ya watu.

Shida yenyewe ilianza pale salamu zilipokwisha. Hapo ndipo alipoanza kueleza habari za kituo cha reli cha Kidatu, na akianza Kidatu hakuna aliyepata nafasi ya kusema neno. Jioni moja alikuwa akimweleza baba yake, kama kawaida, kwamba Reli ya Kati, ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA milimita 1,067, kwamba kwa ajili ya hizo milimita 67 behewa haliwezi kutoka reli moja likaingia nyingine, na kwamba ndiyo maana kuna kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Nilimngoja avute pumzi, nikamuuliza, "Katika reli ya njia moja, treni mbili zikikutana, ipi inapita?" Akanijibu kwa furaha kwamba moja husubiri kwenye njia ya kupishania, na kwamba zamani katika reli nyingi za namna hiyo dereva hakuruhusiwa kuingia kwenye kipande cha reli mpaka akabidhiwe kijiti au kibao maalumu stesheni, asiye nacho haondoki, hata kama amechelewa. Nikamwambia, "Basi, baba, mazungumzo ni reli ya njia moja, na wewe umeondoka na kijiti tangu saa kumi na mbili."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mpini wa mwiko uliovunjika, akaukata, akaupaka rangi nyekundu upande mmoja na kijani upande mwingine, na kabla hatujalala alikuwa ameandika kanuni zake ukutani. Mwenye kijiti hupita stesheni tatu, maana yake sentensi tatu, kisha lazima asimame. Akisimama, ama anyamaze ili mwingine aombe njia, ama aulize swali na kukabidhi kijiti. Swali lazima libebe mzigo wa mwenzake, yaani litokane na alichokisema mtu yule, kusema tu "na wewe je?" lilihesabiwa kuwa behewa tupu na halikukubaliwa. Kanuni zilituhusu wote. Mdogo wake wa kike, ambaye huongea bila kituo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyang'anywa kijiti, na baba yao, mtu wa maneno machache, alijikuta kila usiku amekabidhiwa njia na anasubiriwa aseme jambo. Mazungumzo ya chakula cha jioni nyumbani kwetu hayajawahi kuwa mazuri kama miezi ile. Ninajivunia wazo lile, nasema wazi, lakini kanuni zote ni zake.

Kijiti hakiwezi kubebwa kila mahali, kwa hiyo baadaye tulianza kutafuta ishara ambazo watu hutoa bila kijiti. Kwa ruhusa ya wote nilirekodi mazungumzo ya barazani kwetu, tukayasikiliza pamoja. Aliandika daftarini kwamba "enhe!", "ikawaje?" na "acha wee!" ni taa ya kijani, "mmh" na "sawa" zilizotamkwa kwa sauti fupi ni tahadhari, na "haya bwana", kutazama simu au kugeuza miguu kuelekea mlangoni ni nyekundu. Alikuwa wa kwanza kati yetu kugundua kwamba bibi yake husema "haya" mara nyingi sana kabla ya kuondoka kweli, akaandika kwamba kwa wanawake wazee "haya" ya kwanza ihesabiwe kuwa tahadhari tu. Nimeishi na mama yangu miaka yote hii na sikuwahi kuliona hilo.

Rafiki wa kwanza tulimpata kwenye foleni ya kliniki. Kulikuwa na kijana ameketi na mama yake, anapitia picha za mabasi kwenye simu, anataja kila moja kama ni Scania au Yutong kabla ya kusoma chochote. Mimi na mama yake tulibadilishana namba. Wa kwao anapenda mabasi kama wa kwetu anavyopenda treni, na jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko kunifurahisha, maana niliona watazungumza wote wawili kwa pamoja bila kusikilizana. Tulipanga waje kwetu kwa saa moja tu, mwisho wake ukijulikana mapema, na niliwakalisha ubavu kwa ubavu mbele ya meza, kwa sababu vijana wengi wa namna hii huzungumza vizuri zaidi wakitazama kitu kuliko wakitazamana. Sisi akina mama tulikaa uani, tunamenya viazi na kutega masikio.

Dakika za mwanzo walirushiana takwimu. Mwanangu alisema treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Mwenzake akasema treni haiwezi kumpeleka mtu mpaka mlangoni. Sauti zikapanda, mama mwenzangu akataka kuinuka, nikamshika mkono. Kisha nikasikia mwanangu anasema, "Subiri. Sisi hapa tuna kijiti," akamweleza mgeni kanuni zote bila kuruka hata moja. Mgeni akafikiri, akajibu kwamba basi halina kijiti, basi lina honi. Walijadiliana suala hilo kwa makini sana, na mwisho wakaafikiana kwamba anayetaka njia apige honi ndogo kwa mdomo, na mwenye kijiti ana sentensi moja tu ya kumalizia. Alasiri nzima tulisikia honi, na ile saa moja ikawa karibu saa tatu.

Mgeni alipoondoka, mwanangu alijifungia chumbani, akazima taa na hakutaka kusemeshwa mpaka kesho yake. Ndugu zangu walilitafsiri hilo kuwa amechukizwa. Hakuwa amechukizwa, alikuwa amechoka, na tangu hapo kila baada ya kukutana na watu tunampa nafasi hiyo bila kumuuliza maswali.

Wengine wawili walikuja kupitia huyo wa mabasi. Mmoja ni binti mwenye tatizo la umakini, anayekatiza maneno ya watu kwa sababu akingoja analisahau alilotaka kusema. Kwake walikubaliana kwamba achore neno moja kwenye karatasi akiwa anasubiri zamu. Sasa ndiye anayewachorea ramani za njia zao zote. Mwingine ni kijana asiyeongea kwa mdomo, anaandika kwenye simu na simu inasoma kwa sauti. Kuandika huchukua muda, na watu wengi humalizia sentensi kwa niaba yake au huhamia mada nyingine. Mwanangu alitangaza kwamba treni ya mizigo huenda polepole lakini njia ni yake mpaka ifike, na wanamngoja kimya, hata dakika nzima.

Kwa hoja ile ya Milton, niliwaita pia binamu zake na vijana wa kijiwe cha jirani, nikawanunulia soda, nikawaomba mambo matatu. Wakifanya utani, waseme kwamba ni utani. Wakichoka na habari za treni, wamwambie "tubadilishe mada" bila kununa, kwa sababu hilo halimuumizi. Kinachomuumiza ni kucheka na kuondoka. Na wasimgonge bega au kumshika mkono kwa ghafla. Kazi hii ilinichukua chini ya saa moja, na matokeo yake yalizidi miezi yote ya darasa la Jumamosi. Kijana mmoja wa kijiweni aliniambia, "Mama, tulidhani anatudharau, kwa sababu yeye hatutazami."

Jambo moja bado linanikosesha usingizi. Kijana anayetamani marafiki ni rahisi kunyonywa, na kulikuwa na wawili waliomsalimia vizuri kila siku kisha wakamwomba bando au hela ya kutuma kwa simu. Sikumwambia wale ni wabaya, maana angeniuliza ushahidi. Nilimwomba aandike katika daftari lake, kwa mwezi mmoja, nani alimwomba kitu, nani alimuuliza swali lenye mzigo, na nani alimtafuta siku ambayo hakuwa na fedha. Mwezi ulipokwisha alisoma orodha mwenyewe, akazifuta namba mbili, akanionyesha. Mzazi mwenye kijana wa umri huu asiliache jambo hili mpaka liwe limeshatokea.

Mwaka huu wanne hao walisafiri na mimi kwa SGR hadi Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa kama elfu kumi na tatu kwa kila mmoja, ukiacha chakula, ambacho kilizidi nauli, na vile vizibo vya masikio nilivyovinunua kwa ajili ya kelele za stesheni. Walitaja Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere kabla hazijafika, na yule wa mabasi alikiri kwamba mwendo ni mzuri, ila akasisitiza kwamba treni haina honi ya maana. Sasa wanapanga Dodoma. Wamebishana wiki nzima katika kundi lao la WhatsApp, kwa sentensi tatutatu, na wamekubaliana kwenda kwa treni na kurudi kwa basi.